Imla ya Mama

Bwenini, 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na sasa unapata usingizi. Mimi huku sijambo, ila hesabu. Hesabu zenyewe ni nzima kabisa, mimi ndiye mgonjwa.

Mwalimu wetu wa hesabu amehamishwa. Aliyekuja ni kijana, anaandika ubaoni ametupa mgongo, na akigeuka ameshafuta. Wiki hii ameingia mada mpya inaitwa fanksheni. Kaandika f(x) = 2x + 3, akatuuliza f(4) ni ngapi. Mimi nikaona f imekaa nje ya mabano, 4 iko ndani, nikasema hiyo ni f mara 4, si ndivyo tulivyofundishwa mabano tangu zamani? Nikajibu 4f. Mwalimu kalisoma jibu langu kwa sauti mbele ya darasa. Walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Mama, f ni nani? Anatafuta nini kwenye maisha yangu?

Kwenye jaribio nimepata kumi na tisa kwa mia. Shoga yangu wa kitanda cha juu kapata themanini. Mtu akisikia mama yangu ni mwalimu wa hesabu ananiangalia kama nimemwibia mtu jina. Mtihani wa mwisho ni Novemba, nami naona giza. Simu haziruhusiwi hata za kusalimia, kwa hiyo niandikie, tena uandike polepole.

Mama mdogo msalimie. Mwambie nywele zimeota, matroni kanishikia mkasi, nimekimbia.

Mwanao,
Kinanda


Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu Kinanda,

Marahaba. Miguu asubuhi ni yangu, jioni ni ya tembo. Nalala nimekaa kama abiria. Mama mdogo wako amefunga chumba chake na kuhamia hapa, kaja na mito yote ya saluni, nyumba nzima inanuka mafuta ya nywele. Usiwe na wasiwasi nasi.

Sasa nisikilize. f si namba. Kama si namba, huwezi kuizidisha na kitu. f ni jina la kazi inayofanywa. Isome hivi: "f ya x." Unaposema "mama wa fulani", unazidisha mama mara fulani? Hapana. Umemtaja fulani, kisha umeuliza jambo moja kumhusu. Ndani ya mabano ni yule uliyemtaja. Nje ya mabano ni swali lako.

Huyo f wa kwenu kazi yake ni hii: chochote utakachompa, atakizidisha kwa mbili, kisha ataongeza tatu. Mpe 4, anakurudishia 11. Mpe 0, anakurudishia 3. Mpe 4 tena kesho, mvua inyeshe, jua liwake, amenuna au amefurahi, atakupa 11 ile ile. Sharti lake ndilo hilo tu. Kila anayeingia anapata jibu moja, wala halibadiliki. Wawili wakipata jibu moja hakuna ugomvi. Watoto wangapi wana mama mmoja? Lakini mtoto mmoja huwezi kuniambia kazaliwa na wanawake wawili.

Jaribu hii: g(x) ni x mara x. Tafuta g(3), halafu g ya hasi 3. Niambie umeona nini.

Na ukiandika tena f mara x nitakukana mbele ya watu. Nitasema nilikuokota.

Mama


Bwenini, 24 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Usinikane! Zote mbili ni tisa. Watoto wawili, mama mmoja. Nimeliona nikiwa nafua, nikapiga kelele, wenzangu wakadhani nimeng'atwa na kitu.

Lakini umenichanganya sehemu moja. Umesema mtoto hana mama wawili. Mimi nina wewe na nina mama mdogo. Ukiweka jina langu ndani ya mabano mnatoka wawili, tena mmoja ananuka mafuta ya nywele. Kwa hiyo mimi si fanksheni?

Mwalimu mpya nilimwambia lile la "mama wa fulani". Akauliza nimelitoa wapi, kisha kesho yake akalifundisha darasa zima kama lake. Nimemsamehe.

Aprili wanatufungulia geti kwenda nyumbani kwa wiki moja. Nije? Nataka kukuona ukilala kama abiria.

Mwanao,
Kinanda


Nyumbani, 6 Aprili

Kinanda,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, ni wa mama mdogo wako. Mkono wangu unatetemeka, kwa hiyo mimi nasema yeye anaandika. Tumerudi darasa la pili, imla. Makosa yote ya tahajia ni yake. (Si kweli. Anasema harakaharaka. Mama mdogo.)

Swali lako ni zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza. Niliposema "mama wa" nilikuwa na maana ya aliyezaa, na hilo sikulisema. Kosa ni langu. Kabla hujauliza, sema wazi unauliza nini. Ukiuliza "aliyemzaa" jibu ni moja. Ukiuliza "wanaomlea" yanatoka majibu mengi, hiyo siyo fanksheni, hiyo ni bahati. (Ameniambia nisiandike hilo la bahati. Nimeandika.)

Mkifika kwenye michoro, chukua rula, isimamishe wima juu ya grafu, itembeze kutoka kushoto kwenda kulia. Ikigusa mchoro mahali pawili kwa mpigo, basi mtu mmoja ana majibu mawili. Kataa. Sema siyo fanksheni, uende swali linalofuata.

Aprili usije. Baki na masomo ya ziada. Agosti utanikuta nimesimama mlangoni.

Mama


Nyumbani, 2 Juni

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni mdogo wake mama wa mwanafunzi wako, yule msemaji sana ambaye hata walimu wanamwita Kinanda. Dada yangu amefariki. Ni ule ugonjwa wa moyo aliokuwa nao tangu mwaka jana. Tulimzika juzi.

Mtoto hajui. Baba yake alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo sasa amebaki na mimi. Nakuomba kwa heshima zote asiambiwe mpaka aweke kalamu chini mwezi wa kumi na moja. Si ombi langu, ni wosia wa marehemu. Alinishika mkono akasema hivyo.

Barua za mama yake ameshazoea kuziona kwa mwandiko wangu, maana tangu Aprili nilikuwa namwandikia. Nitaendelea kuandika. Mimi ni msusi, hesabu niliiacha mlangoni siku ya mwisho ya shule na sikugeuka nyuma. Lakini vitabu vya dada vimejaa kabati zima. Nitasoma.

Wako katika majonzi,
Mama mdogo wa Kinanda


Ofisini, 9 Juni

Mama,

Pole sana. Pole tena.

Ombi kama lako si la kwanza kufika kwenye meza hii. Kuna binti aliyeambiwa kabla ya mtihani, akashindwa hata kuandika jina lake kwenye karatasi. Kuna mwingine aliyeambiwa baadaye. Alifaulu vizuri sana, na hadi leo akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Sijui ni yupi kati ya hao niliyemtendea haki.

Kwa kuwa ni wosia wa mama mzazi, sina ubavu wa kuuvunja. Nitanyamaza. Lakini tuelewane: mtoto akiniuliza uso kwa uso, sitamdanganya. Naomba Mungu asiniulize.

Mwalimu Mkuu


Bwenini, 15 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimekaa na barua ya Aprili mpaka imelegea kwenye mikunjo. Najua mama mdogo ana wateja, lakini mwambie hata mistari miwili.

Kaa vizuri kwenye mito yako nikuambie. Nimepata HAMSINI NA NNE. Mwalimu mpya kanipa mkono. Shoga yangu wa kitanda cha juu kanuna, kwa mara ya kwanza nimemkaribia kwa alama.

Sasa wametugeuzia kibao. Zamani walikuwa wanatupa anayeingia, tunatafuta anayetoka. Siku hizi wanatupa aliyetoka, wanataka tumjue aliyeingia. Wanasema f(x) = 11, tafuta x. Najua ni 4 kwa kuwa ulinipa mfano huo, lakini ningekuwa sijui ningeanzia wapi? Nieleze kama ulivyonieleza lile la mwanzo, ukinitukana kidogo, ndiyo linaingia.

Je, kulala unalala? Miguu je? Usinifiche.

Mwanao,
Kinanda


Nyumbani, 28 Juni

Mwanangu kipenzi, roho yangu,

Marahaba. Hongera sana kwa hamsini na nne. Nimefurahi mpaka machozi. Usishangae kwamba nilikaa kimya, ni uchovu tu na dawa mpya, zinaleta usingizi. Miguu inaendelea vizuri. Bado nasema na mama mdogo wako anaandika kama kawaida.

Kuhusu swali lako, mwanangu, si gumu. Wanaposema f(x) = 11 wana maana kwamba f mara x ni 11. Kwa hiyo ukitaka kuipata x, unachukua 11 unaigawanya kwa f. Fanya taratibu, usiwe na haraka, utaona inatoka yenyewe.

Kula vizuri. Ulale mapema. Nakupenda sana kuliko unavyojua.

Mama


Saluni, 3 Julai

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Nimeharibu.

Nimekuwa nasoma vitabu vya dada hapa kazini. Mteja ananishikia kitabu, mimi nasuka huku nasoma juu ya kichwa chake. Leo mteja wangu alikuwa msichana wa chuo. Nikamsomea nilichomwandikia mtoto, nikitaka sifa. Akageuka na kichwa nusu kimesukwa, akasema, "Dada, f si namba. Huwezi kugawanya kwa f."

Akanionyesha. Kumbe unarudi nyuma tu. Kilichofanywa mwisho unakianza: toa ile tatu, kisha gawanya kwa mbili. Mwalimu, huko si ni kufumua nywele? Msuko wa mwisho ndio unaotangulia kufumuliwa. Kazi hiyo naifanya kila siku! Kama kitabu kingesema hivyo nisingekosea.

Barua imeshaondoka. Kama bado iko ofisini kwako, tafadhali izuie. Dada yangu asingesema upuuzi ule hata akiwa usingizini, na mtoto anajua hivyo.

Mama mdogo wa Kinanda


Ofisini, 8 Julai

Mama,

Barua ilishamfikia Jumatatu.

Alikuja ofisini siku hiyo hiyo akaomba kupiga simu nyumbani. Nilimwambia simu ya ofisi ni mbovu, na kwa bahati ni mbovu kweli. Nikampa kiti na maji. Akakaa muda mrefu kwa mtu anayeongea kama yeye. Hakuniuliza kitu. Nami sikusema kitu. Akashukuru kwa maji, akaenda.

Siwezi kukuambia anajua nini. Darasani yupo, chakula anakula.

Mwalimu Mkuu


Bwenini, 12 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika, asante. Nimeelewa.

Hesabu usijisumbue nazo tena. Mwalimu mpya ametulia, sasa anageuka kabla ya kufuta, akinieleza nashika. Wewe pumzika. Tukiandikiana tusalimiane tu.

Agosti tumeambiwa tubaki shuleni wote, kwa hiyo usikae mlangoni kunisubiri.

Mama mdogo naye ale. Najua akiwa na mawazo hali, anasema ameshiba harufu ya mafuta. Mwambie nimesema ale.

Mwanao,
Kinanda


Bwenini, 6 Novemba

Mama mdogo,

Leo tumefanya hesabu. Swali la fanksheni lilikuwepo, nimelijibu lote. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo mlilolitaka.

Najua mama amekufa. Nimejua tangu Julai.

Ulipoandika f mara x, nilisoma mstari ule nimesimama foleni ya uji, bakuli likaniponyoka. Mama angeweza kulewa dawa, angeweza kupotewa na fahamu nusu, asingesema vile. Na hajawahi kuniita "roho yangu" maisha yake yote. Mwanzo nilidhani amezidiwa tu, kwamba unanificha hali yake. Nikaenda ofisini kuomba simu. Mwalimu Mkuu hajawahi kumpa mwanafunzi kiti, wote tunajua, hata ukizimia unazimia umesimama. Siku hiyo alinivutia kiti. Akanimiminia maji kwa mkono wake. Halafu akaangalia dirishani muda wote, na nje hapakuwa na kitu. Nilijua nikimuuliza atasema, na akisema ndipo itakuwa kweli. Nikanywa maji yake nikatoka.

Nikakuandikia kwamba nimeelewa. Agosti nikaandika "mama yangu", ukajibu. Septemba vilevile. Nilikuwa nalia chooni, maana bwenini mtu akilia wanamjia wote. Wakiniuliza nasema ni tumbo. Unataka kujua kwa nini sikusema? Siku nyingine nilijiambia nakuhurumia, umebeba mzigo peke yako. Siku nyingine nilitaka tu barua ziendelee kuja, hata za uongo. Ukiandika "Mama" pale chini, nilikuwa nalifunika jina kwa kidole, kisha nalifunua taratibu.

Leo baada ya mtihani nilirudi ofisini nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba najua. Akalia yeye. Akaniambia ni wosia wa mama mwenyewe, kwamba alikushika mkono akasema nisiambiwe. Kama ni hivyo basi naye nimemkasirikia. Alikuwa na haki gani? Mmemzika mama yangu mimi nikiwa nachora grafu. Nani alisimama mahali pangu?

Mitihani inaisha tarehe ishirini na mbili. Siji nyumbani. Nitakwenda kwa kina shoga yangu wa kitanda cha juu, wamenikubalia. Kama una la kusema, nieleze ilivyokuwa, yote, bila kunibembeleza. Na kama aliniachia barua, nitumie.

Mimi


Nyumbani, 13 Novemba

Kinanda,

Hakuacha barua. Ningeweza kukutungia moja, mkono wangu umeshazoea, na ungeiamini kwa kuwa ungetaka kuiamini. Sitatunga tena.

Umesema nikueleze yote. Ilikuwa asubuhi, siku ya kazi, watoto wa jirani walikuwa wanaitana kwenda shule. Aliamka kabla yangu. Nilimkuta amekaa na mito yake, ameshajifunga kitambaa kichwani. Nikampa chai. Akaonja, akasema, "Haya ni maji ya kuoshea vikombe." Nikamwambia daktari kakataza sukari. Akasema, "Basi mwite daktari aje anywe." Tukacheka. Nikachukua kikombe nikaenda jikoni kumwongezea kijiko, nikasema moyoni kijiko kimoja hakiui mtu.

Niliporudi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Usiku hakuwa amelala vizuri, nikadhani usingizi umempitia. Nikakiweka kikombe mezani taratibu nisimwamshe. Nikakaa kwenye kiti nikaanza kukunja nguo zake. Nilikunja zote. Nilifurahi, Kinanda, nakuambia ukweli, nilifurahi kwamba angalau amelala. Chai ikafanya ngozi juu. Ndipo nikamgusa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, ugomvi wa chai.

Sasa linalofuata ni gumu kwangu kuliko hilo. Wosia haukuwepo. Hakunishika mkono. Hakusema neno lolote kuhusu kukuficha. Asubuhi ile hakujua kama anakufa. Angejua angekuita, hilo nina hakika nalo kama ninavyoijua sura yake. Angesema mitihani iko kila mwaka. Maneno yale niliyatunga mimi nilipomwandikia Mwalimu Mkuu, kwa sababu ombi la msusi angelikataa, ombi la marehemu asingeweza. Leo nimemwandikia naye nimemweleza.

Niliogopa. Niliogopa utarudi ukae nami, usishike tena kitabu, uje uwe na maisha kama yangu na kila siku useme ningefika mbali kama mama asingekufa. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya ni kwamba sikujua nitakuambia vipi. Kukuandikia wewe kama mama kulikuwa rahisi kuliko kukutazama usoni. Na nitakuambia jambo jingine ambalo halina kichwa wala miguu: nilipokuwa nakaa na vitabu vyake, natafuta angesemaje, nilikuwa namsikia. Barua ikiisha, ananyamaza. Kwa hiyo nilitaka na mimi ziendelee.

Usimkasirikie yeye. Nikasirikie mimi, ndipo mahali pake.

Tulimzika kesho yake mchana. Nilimsuka mwenyewe asubuhi, ile mistari myembamba aliyokuwa akinikatalia miaka yote akisema hana muda wa kukaa. Siku hiyo muda alikuwa nao. Nilimvika gauni la kijani. Mvua ilinyesha ikaacha, udongo ulikuwa mzito, wanaume walipokezana majembe. Walimu wenzake walikuja wote, na wanafunzi wake wakiwa na sare, wale wadogo wakisukumana kwa kutojua wasimame wapi. Mmoja aliniuliza kama kesho kutakuwa na hesabu.

Mahali pako hapakusimama mtu. Watu waliniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikawajibu kwamba uko njiani. Kaburi liko wazi mbele yangu, nami nadanganya. Baadhi yao walikusubiri. Walikaa kwenye mabenchi mpaka jua likashuka, wakisema hatuwezi kuondoka kabla hajafika.

Kwa kina shoga yako wakikupokea vizuri nitashukuru. Sikuiti. Nimeeleza kwa kuwa umeniambia nieleze.

Mama mdogo


Bwenini, 21 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mara moja nikampa Mwalimu Mkuu aniwekee, sikutaka ikae chini ya mto wangu. Nimekukasirikia zaidi kuliko mwanzo. Siku zote hizi nilikuwa namnunia maiti. Nilikuwa nikimwota namgeuzia mgongo kwa sababu yako.

Lakini sasa najua angeniita. Ungeweza kuniacha niendelee kuamini lile la wosia, na lawama ingebaki kaburini, wewe ukawa mtiifu tu. Hukufanya hivyo. Nimelifikiria hilo jana kutwa, hata mtihani wa mwisho kabisa wa kesho sijausomea.

Kwa kina shoga yangu siendi. Mama yake ni mtu mwema, kaniletea sabuni na viatu, ananiita mwanangu. Jana alikuja kunitembelea akanikumbatia, nikalia, akasema, "Mama yako yuko mahali pema." Nikamwangalia nikaona hajui hata mama alikuwa mrefu au mfupi.

Basi litafika kituoni alasiri ya tarehe ishirini na tatu. Njoo peke yako, usije na majirani. Tupite kaburini kwa mama kwanza, kabla ya nyumbani, unionyeshe. Usiniambie nijikaze. Nikinyamaza uniache nimenyamaza.

Sijakusamehe. Nakuja hivyo hivyo. Huku nimelia na watu wasiomjua. Nataka nilie na mtu aliyemjua.

Binti wa dada yako